Blanketi la Saa Tisa Mchana

Kaka Petro,

Jumanne iliyopita Ghazala alitetemeka juani. Ndiyo maana nakuandikia. Kama ni kukukumbuka tu ningekuwa nimeandika zamani, maana mwaka unakaribia kutimia tangu uondoke, lakini sikuandika hata mstari mmoja. Niliogopa. Hata sasa naogopa, ila nimekaa juu ya marobota ya majani nyuma ya stoo, wenzangu wamejinyoosha kidogo baada ya chakula, na leo kalamu imekubali.

Nianze na habari za farasi, kwa sababu ungeniulizia hao kabla hujauliza kama mimi mwenyewe nimekula. Wamebaki kumi na mmoja. Barki amechukuliwa na watu wa Al Ain, akapanda lori bila hata kugeuza shingo, asiye na shukrani yule. Mweusi bado anauma. Mwezi uliopita alimuuma mgeni wa arbab, tajiri mwenye farasi, begani, tukawa tunaomba radhi sisi huku yeye anatafuna majani yake. Kitanda chako kapewa Mpakistani anayeitwa Imran. Siku ya kwanza nilimchukia bila kosa lolote. Alitandika shuka lake pale, nikatoka nje nisimwone. Baadaye nikagundua ni mtu mpole, kosa lake ni kukoroma tu, na wewe ulikuwa unakoroma zaidi.

Madam msimamizi bado anakaa Al Barsha na bado anatuendesha kwa simu. Amebandika karatasi ya kuvisha farasi mlangoni mwa stoo, imefunikwa na plastiki kabisa. Nyuzi kumi na tano za joto, shuka. Nyuzi kumi, blanketi la kati. Chini ya hapo, blanketi zito. Kuvaa saa kumi na moja jioni, kuvua saa moja asubuhi, na anayetia saini ni mimi. Ungeitazama karatasi hiyo, ukacheka mpaka ukakohoa, halafu ungefungia chapati. Mimi siichani. Naipita, naingia ndani kugusa mabega.

Na baridi ya msimu huu haina adabu, Kaka. Unajua Hatta hii ya milimani ilivyo, lakini mwaka huu imezidi. Asubuhi ni nyuzi nane au tisa na jua limefichwa na mlima mpaka karibu saa mbili na nusu. Likishatokeza, linatokeza kwa hasira, na kufika saa sita watu wanavua mashati. Alasiri upepo unateremka bondeni, na ndani ya nusu saa unatafuta koti ulilolitupa. Kulinyesha siku mbili mfululizo, bonde likajaa maji, barabara ikafungwa. Farasi wote wamenyolewa manyoya kwa ajili ya mashindano, isipokuwa Ghazala, ambaye ni mzee na hashindani na mtu. Kila siku naamua mara nne, mara tano. Vaa, vua, vaa tena. Imran ananiambia, "Khalas, bhai, waache tu na shuka." Simwachi mtu na shuka. Walionyolewa hawana koti, na kwa mwenye manyoya kama Ghazala ulinifundisha kwamba blanketi jepesi usiku wa baridi kali ni baya kuliko kukosa, kwa sababu linalaza manyoya, na manyoya yakilala farasi hana tena koti lake mwenyewe.

Nakumbuka nilivyokuja. Nilikuwa nimetoka kusimama mlangoni mwa maduka kule mjini Al Barsha, miaka miwili ya kusema "welcome, sir, welcome, madam" mpaka miguu ikavimba, na kila usiku basi mpaka International City, kwenye chumba cha watu wanane. Hapa nilisikia wanataka saisi, mtu wa kutunza farasi, nikasema nimekulia na wanyama. Nilikulia na ng'ombe watatu na punda. Wewe ulijua siku ile ile, nilipomwendea farasi kwa nyuma. Hukunisema kwa Madam. Uliniambia tu, "Wewe Mkenya, ukitaka kufa, kuna njia za haraka zaidi."

Halafu ikaja ile jioni yangu ya kwanza ya baridi. Nilijidai mtoto wa Molo, najua baridi, nimeenda shule asubuhi kwenye umande miguu mitupu. Upepo ukaanza, nikasikia mifupa inaniuma, nikakimbia kuwavisha wote, kumi na wanne siku hizo, blanketi zito, mikanda yote nimefunga vizuri, nikakusubiri unisifu. Ulifika umeshika kikombe. Ukazunguka banda zima. Ukaweka kikombe chini.

"Nani kakwambia farasi ana baridi? Wewe ndiye una baridi. Usimvishe farasi baridi yako."

Ukanifanya niwavue wote, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja nikaingiza mkono nyuma ya bega, nikatulia mpaka nihesabu kumi. Barki alikuwa ameloa jasho chini ya blanketi. Mweusi alikuwa na joto kama sufuria. Ghazala peke yake ndiye aliyekuwa na ngozi baridi na mashina ya masikio yaliyopoa, na huyo ndiye uliyeniambia nimvishe, baada ya kumwongezea majani. Majani kwanza, ulisema, kwa sababu tumbo la farasi ndilo jiko lake. Nilikuwa na hasira nawe usiku ule mpaka sikukuaga. Asubuhi uliniwekea chai na mkate juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikala, tukawa ndugu.

Nilikutania kwamba huko kwenu Mbulu mnavaa blanketi mpaka harusini. Ulinitania kwamba Kiswahili changu kimekatwakatwa na panga. Mama yangu alipofariki na nikakosa ruhusa ya kwenda, wewe ndiye uliyenichukulia kazi siku mbili na kumwambia Madam naumwa tumbo. Sikuwahi kukushukuru vizuri. Kwetu wanaume hatujui hayo maneno, na hata kwenu, nadhani.

Na lile somo lako jingine. Ulikuwa unanisomesha kama katekista. Akitetemeka usiku, mvishe. Akitetemeka mvuani, mkaushe kwanza ndipo umvishe. Akitetemeka juani, usilete blanketi, lete daktari. Ulinifanya niseme mpaka nikachoka, ukasema siku moja nitakushukuru.

Basi, Jumanne. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka, nimewatoa nje wote uwanjani. Ghazala alisimama pembeni ya ua, hali majani, kichwa kimeshuka. Nikamwona ngozi ya ubavuni inacheza. Nilidhani nzi. Nikasogea. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, Kaka, juani, mimi nimevaa fulana tu na natoka jasho. Imran alishaanza kukimbilia stoo kuleta blanketi. Nilimpigia kelele arudi. Nilimpigia daktari kabla sijampigia Madam, na Madam aliponipigia na kusema, "Kibet, put the heavy one on her, please," nilimjibu, "No, Madam, sorry, daktari yuko njiani." Sikuwa nimewahi kumwambia no kwa miaka minne.

Daktari wa farasi alifika baada ya dakika arobaini. Aliweka sikio, akaingiza kipimajoto, akavaa glavu mpaka kwapani. Tumbo lilikuwa limefunga. Siku za baridi hanywi maji ya kutosha, alisema, na tungechelewa mpaka usiku tungempoteza. Akamtia bomba puani, akammiminia maji na mafuta, akatuambia tumtembeze taratibu. Saa moja jioni Ghazala alikunya. Watu wazima watatu tulishangilia kinyesi, Imran akanikumbatia, Madam akalia kwenye simu na kuniita hero.

Nikaenda nyuma ya stoo, hapa hapa nilipokaa sasa, nikaanza kuhesabu.

Dakika arobaini, Kaka. Farasi mzee asiyeshinda hata kombe la kunywea maji, dakika arobaini. Wewe nilikuacha siku tatu.

Sasa niandike lile lililonifanya niogope kuandika. Usiniharakishe.

Ilikuwa Jumatatu, saa tisa mchana. Nilikukuta umekaa kwenye ndoo, mgongo umeegemea ukuta wa stoo, juani, umevaa koti umelifunga mpaka shingoni. Ulikuwa unatetemeka. Meno yalikuwa yanagongana, niliyasikia. Ulikuwa umekohoa wiki nzima na ukasema ni vumbi. Nami nilifanya nini? Nilicheka. Nilisema, "Wacha zako, Kaka, baridi gani saa tisa? Umezeeka." Na wewe ulijaribu kucheka ukashindwa. Nikaingia stoo nikaleta blanketi la Ghazala, lile zito la kijani, nikakufunika nalo mabegani, nikafunga hata mkanda wa kifuani kwa utani. Nikaona nimefanya la maana. Nikaenda kuosha mabomba ya maji.

Nilijua somo. Ningeulizwa siku ile farasi akitetemeka juani nifanye nini, ningejibu bila kufikiri. Lakini ulikuwa mtu, na mtu nilimletea blanketi.

Jioni ile ukaniambia nisimwambie Madam. Ulisema, "Kifua kinapimwa mwezi ujao. Wakiniona nakohoa sasa, nimekwisha." Visa yako ilikuwa inaisha mwezi wa pili. Kila mtu huku ana hadithi ya mtu aliyepigwa picha ya kifua, ikaonekana doa la kifua kikuu, akapandishwa ndege na begi moja. Binti yako Neema alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni. Ulisema utapumzika siku mbili, utakuwa mzima. Nikasema sawa, Kaka.

Jumanne nilifanya kazi yako na yangu. Nilimwambia Madam umeenda kununua madawa ya kwato mjini. Ulikuwa kitandani unaniuliza, "Ghazala umemgusa bega?" Nikajibu ndiyo. Sikuwa nimemgusa, nilikuwa nimemvisha tu kwa kukisia. Uliomba maji mara nyingi. Nilikupa panadol mbili na chai ya tangawizi, nikajiona muuguzi.

Jumatano hukuinuka. Ulikuwa unapumua kwa mabega. Namna hiyo ya kupumua naijua, nimeiona kwa farasi, pua zimepanuka na ubavu unaingia ndani kila pumzi. Ulinionyesha wewe mwenyewe mwaka ule Mweusi alipougua. Nilisimama mlangoni nikakutazama unavyopumua, nikajiambia kesho atakuwa nafuu. Nikazima taa.

Alhamisi alfajiri nilienda kuwavua farasi mablanketi. Niliporudi, midomo yako ilikuwa na rangi ya majivu na hukunijua. Uliniita jina la kaka yako. Ndipo nikampigia Madam, ndipo gari la wagonjwa likaja, likaja upesi, na kufika saa sita mchana ulikuwa umekwisha.

Daktari wa hospitali aliniuliza ameanza lini kuugua. Alikuwa kijana, ana macho yaliyochoka. Nilimwambia, "Yesterday." Akaandika. Akasema ni nimonia. Si kifua kikuu, Kaka. Nimonia tu, ile ya kawaida, ambayo ungekuja mapema ungepewa dawa, ungelala siku chache, ungerudi kunitukana. Hakuna doa ambalo lingekupandisha ndege. Tulikuwa tunaficha kitu ambacho hakikuwepo.

Madam alifika hospitali na suruali ya kupandia farasi, matope mpaka magotini. Alikaa chini sakafuni pale koridoni, mbele ya watu. Alisema, "Kwa nini hakuna aliyeniambia? Ningemleta mimi mwenyewe, kwa gari langu." Nilitaka kumchukia. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya. Lakini namjua sasa miaka minne, na naamini angekuleta.

Wakati jeneza lako linaondoka uwanja wa ndege, sikuruhusiwa kuvuka pale mizigo inapoingilia. Nilisimama nje na Imran, ambaye siku hizo alikuwa kibarua wa zamu tu, hata hakujua jina lako vizuri. Nikarudi kwa basi mpaka Hatta, nikavisha farasi kumi na wawili, nikalala.

Baada ya wiki mbili Madam aliuliza nani ataamua mambo ya mablanketi. Nikainua mkono. Nimepandishwa cheo na kifo chako, na chai nakunywa kwa kikombe chako.

Sasa shemeji. Mama Neema alinipigia siku ile ile ya Alhamisi, jioni. Alikuwa ameshalia akamaliza, sauti imekauka. Hakuuliza mengi. Aliuliza, "Shemeji, alikuwa na baridi? Maana yeye baridi ilikuwa inamsumbua kifuani tangu ujana." Nikamwambia, "Ilikuwa ghafla tu, shemeji. Na tulimfunika." Akasema, "Mungu akubariki wewe uliyemfunika mume wangu." Tangu siku hiyo ananiita mtoto wa nyumba. Ananitumia salamu kila Jumapili, ananiambia mahindi yamefikia wapi, Neema amefaulu mtihani gani. Tangu mama yangu afe hakuna mtu mwingine duniani anayeniuliza kama nimekula.

Kwenye maziko, mjomba wako mmoja alisimama akasema mficha maradhi kilio humfichua. Waliniwekea simu nisikilize. Watu waliitikia kweli, kweli. Kila mtu alidhani anakusema wewe, ulivyokuwa mkaidi, usiyependa hospitali. Nilikaa kwenye ndoo na simu sikioni, nikaacha wakuseme wewe peke yako.

Na wiki iliyopita, siku moja kabla ya Ghazala kuugua, Mama Neema alinitumia ujumbe wa sauti. Misa yako ya mwaka ni mwisho wa mwezi. Anataka nirekodi maneno, dakika tano tu, yachezwe mbele ya watu baada ya misa, nieleze siku zako za mwisho. "Maana wewe ndiye uliyekuwa naye," alisema, "sisi tunataka tu kujua kwamba hakuwa peke yake." Nimerekodi mara tatu. Mara zote nimesema ghafla. Mara zote nimesema tulimfunika. Nimefuta.

Kuna jambo moja bado. Nimelizunguka karatasi nzima, na wewe unajua nimelizunguka, ulikuwa unanijua nikidanganya kwa namna ninavyojikuna shingo. Hapa najikuna shingo.

Sikunyamaza kwa sababu uliniomba ninyamaze. Ungeniomba nisimwite daktari kwa ajili ya Mweusi, ningekukatalia. Nilinyamaza kwa sababu visa yangu ilikuwa inaisha wiki tatu baada ya yako. Tulilala chumba kimoja, tukavuta hewa moja, tukanywa kikombe kimoja. Jumatatu ile ile, nikiwa naosha mabomba, nilikuwa nimeshapiga hesabu: wakimkuta Petro na kifua kikuu, kesho wananipima mimi, na mimi nilikuwa nimekohoa kidogo mwezi wa kumi na mbili. Nilijiona nimeshuka kwenye basi Molo na begi, watu wananitazama. Uliponiambia nisimwambie Madam, Kaka, nilishusha pumzi. Nilifurahi. Ulinipa ruhusa niliyokuwa naitafuta. Jumatano niliposimama mlangoni nikakutazama unavyopumua, sikusema kesho atakuwa nafuu kwa sababu niliamini. Nilisema ili nizime taa.

Nilipigwa picha ya kifua mwezi wa tatu. Safi. Yule bibi aliyenipa karatasi aliniambia, "Mabrouk." Hongera.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini Jumanne nilikuwa jasiri kwa ajili ya Ghazala. Nikajibu kwamba nimejifunza. Si kweli. Nilikuwa jasiri kwa sababu Ghazala hakuna mtu anayempima kifua. Hakuna kilichokuwa kinanigharimu. Kwa hiyo usinisifu kwa hilo, na usimwache Madam aniite hero bila kucheka huko uliko.

Nimeamua. Jumapili, Mama Neema akitoka misa ya kwanza, huku itakuwa saa nne, nitampigia. Sitarekodi. Hayo si maneno ya kuchezwa mbele ya wajomba kabla yeye hajayasikia peke yake. Nitamwambia Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Nitamwambia kwamba nilikucheka. Nitamwambia nilichomwambia daktari, na kwamba Madam angekuleta. Nitamwambia habari ya kifua changu. Sitasema ulinikataza. Ni kweli ulinikataza, lakini hilo ni lako na wewe na mkeo mtalimaliza mtakapoonana. Mimi nabeba la kwangu. Baadaye kama bado anataka maneno ya misa, nitasema atakachotaka yeye kisemwe. Kama hataki kunisikia tena, nitakuwa sina nyumba huko Mbulu, na ilikuwa nyumba nzuri. Sikuwahi kuiona hata mara moja, lakini najua mlango umepakwa rangi gani.

Jua limeanza kukaa juu ya mlima wa magharibi, upepo unakuja. Lazima niinuke niwaguse. Ghazala amekula leo, amekunywa nusu ndoo ya maji niliyoyatia uvuguvugu, mkaidi yule, kama mtu ninayemjua. Hatutetemeki leo, sisi wote.

Kwaheri, Kaka yangu Petro. Sikuombi msamaha kwa karatasi, maana najua unavyodharau mambo ya karatasi. Nakuahidi jambo moja. Jumapili, Mama Neema atakapoanza kulia, au kunilaani, au kunyamaza, sitasema mtandao ni mbaya. Sitasema Madam ananiita. Nitashika simu mpaka yeye mwenyewe aikate.

Mdogo wako,
Kibet